Hadidiski haitaki kulala kwenye sponji

Mzee alishuka kwenye bajaji amelipakata boksi la kompyuta, kalifunga kanga ya mkewe kama mtu anayempeleka mtoto zahanati. Ilikuwa Februari, joto la kaskazi limejaa Ngamiani nzima, hapa Tanga, kanzu imemganda mgongoni. Nikamwamkia, nikampokea mzigo, nikamkaribisha maji. Maji hakuyagusa. Alikaa kwenye benchi akasema, "Mwanangu, nimeambiwa imekufa. Harusi zote tangu 2014 zimo humo."

Mzee huyu ana studio ya picha na video. Ndoa za watu wengi wa mitaa yetu zimo kwenye kompyuta yake: nikaha, sendofu, kina mama wakipiga vigelegele, wazee ambao sasa ni marehemu wakicheka na sahani za pilau mkononi. Najua familia moja ambayo sauti pekee iliyobaki ya bibi yao ni ile dua aliyowaombea maharusi, na dua hiyo imo humo. Ndiyo maana sikuharakisha kumwambia lolote. Nilimuuliza tu nani kamwambia imekufa. Akasema fundi mmoja kaisikiliza, kaisikia ikigonga, akamwambia aipeleke Dar ikafunguliwe. Gharama aliyotajiwa ingemlazimu kuuza kamera.

Nikalaza sipiyu mezani. Najua sipiyu ni chipu ya ndani, si boksi, lakini mji mzima unaliita boksi hivyo, nami nazungumza na wateja kwa maneno yao. Nikafungua ubavu. Hadidiski ya kwanza, yaani diski kuu inayotunza data, ya terabaiti 1, ilikuwa mahali pake ndani ya kizimba cha chuma. Ya pili, ya terabaiti 4, yenye harusi zote, ilikuwa imelala kwenye sakafu ya boksi juu ya kipande cha sponji ya godoro. Haikuwa na skrubu hata moja. Kilichoizuia isitembee ni kamba ya plastiki iliyofungwa kwenye waya zake yenyewe za umeme. Na kila wikendi mzee hulipakia boksi hilo kwenye bajaji kwenda kumbini kuonyesha picha kwenye projekta.

Nimeamua kuandika kwa urefu kwa sababu hii ni mashine ya nne kunifikia hivi ndani ya mwaka mmoja. Watu hununua hadidiski kwa pesa ya kujinyima, wakifika kwenye kuifunga wanaona ni jambo la kuchomeka waya tu. Jinsi inavyokaa ndiyo nusu ya maisha yake.

Ndani ya hadidiski mna sahani zinazozunguka. Ile ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, maana yake mara 120 kila sekunde. Juu ya kila sahani kuna kichwa cha kusomea kilichoshikwa na mkono mwembamba, na kichwa hicho hakigusi sahani. Kinaelea juu ya hewa inayosukumwa na ule mzunguko, kwa nafasi ya nanomita chache tu. Unywele wa mtu ukilinganisha na nafasi hiyo ni gogo la mnazi. Halafu mkono unaruka huku na huku mara nyingi kwa sekunde moja kutafuta mistari ya data iliyobanana kuliko macho yanavyoweza kuona. Kila unaporuka upande mmoja, mwili wa hadidiski unasukumwa upande wa pili. Ikiwa imekazwa kwenye chuma, msukumo huo unaishia kwenye boksi. Ikiwa imelala kwenye sponji, hadidiski yenyewe inajizungusha kidogo, kichwa kinakosa mstari, kinarudi kujaribu tena.

Aliyeweka sponji hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anataka kuzuia mtikisiko, na hata watengenezaji wa makesi, yaani haya maboksi, huweka washa za mpira, vile vipete vya kukaa chini ya skrubu, kati ya hadidiski na chuma ili mtetemo usivume kama nyuki. Lakini mpira ule umebanwa na skrubu. Unameza mtetemo mdogo bila kuiachia hadidiski itembee. Sponji ya godoro haishiki kitu, tena inafunika tumbo la hadidiski, ambako ndiko iliko bodi ya saketi, na inalifungia joto humo.

Nikaitoa yote, nikaiweka juu ya ubao mkavu, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu kwa kebo nzuri nikiwa nimeishika ubavuni kwa vidole viwili. Ilizunguka, ikanguruma taratibu, ikatulia. Haikugonga hata mara moja. Kule kugonga alikokusikia fundi wa kwanza kulitoka kwenye plagi ya umeme iliyokuwa imechomoka nusu: kila boksi likiguswa umeme unakatika, vichwa vinakimbilia maegeshoni, umeme unarudi, vinatoka tena. Mlio wa hadidiski iliyokufa kweli na mlio wa hadidiski inayonyimwa umeme hufanana mno. Usimpe mtu hukumu ya kifo kabla hujabadilisha waya.

Nikafungua programu ya CrystalDiskInfo, inayosoma kumbukumbu za afya ambazo hadidiski hujiandikia yenyewe. Namba 05, ya sehemu zilizoharibika zikahamishwa, ilikuwa sifuri. C5, ya sehemu zinazosubiri kuhukumiwa, sifuri. Lakini C7 ilikuwa 412. Hiyo C7 huhesabu mara ambazo data imeharibikia njiani, kati ya hadidiski na madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, na mara nyingi ukiiona inapanda wa kulaumiwa ni kebo au plagi. Baadhi ya hadidiski pia huandika joto kali zaidi zililowahi kufikia, na hii ilikuwa imeandika nyuzi 58, wakati nyingi za aina yake zimewekewa ukomo wa 60. Kwa hiyo nilikuwa na mgonjwa mwenye viungo vizima aliyelazwa kitanda kibaya. Nilipomwambia mzee, alisema "Alhamdulillahi" mara tatu, ndipo akanywa maji.

Kabla ya bisibisi, nilinakili kila kitu kwenye hadidiski ya nje. Ilichukua usiku kucha, terabaiti 3 na ushee, huku yupiesi, ile betri ya akiba, ikiwa tayari kwa ajili ya umeme. Sianzi kufunga kitu chenye data ya mtu bila nakala, hata mteja akiwa na haraka ya namna gani.

Sasa nije kwenye swali ninaloulizwa zaidi kuliko yote: ilale, isimame au ikae ubavu?

Fundi aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa na sheria moja tu: hadidiski ilale chali, lebo juu, bodi chini, na siku ukiigeuza lazima uifomati upya, yaani uifute na kuiandaa tangu mwanzo. Nilimtii kwa miaka miwili. Baadaye nikaanza kukutana na makesi yaliyotoka kiwandani yakiwa na hadidiski zilizosimama wima au zilizokaa ubavu, na zilikuwa zinafanya kazi miaka na miaka. Nikamuuliza. Alikasirika kidogo, halafu akanieleza alikoitoa sheria yake, na tangu siku hiyo namheshimu zaidi.

Alianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadidiski za wakati huo zilikuwa kama ile ST-225 ya Seagate, pande kubwa la megabaiti 20. Mkono wake ulisukumwa na mota inayokwenda kwa hatua za kuhesabu: hatua moja, mstari mmoja. Haikuwa na namna ya kujua kama kweli imefika juu ya mstari, iliamini hesabu tu. Ukiiandika ikiwa imelala halafu ukaisimamisha, uzito wa mkono unavuta upande mwingine, kichwa kinatua pembeni kidogo ya mistari ya zamani, na data inaanza kukosewa. Kwa hiyo ilikuwa kweli kabisa kwamba unatakiwa kuifomati, tena kwa ule ufomati wa chini kabisa unaochora mistari upya, ikiwa katika mkao ule ule itakaotumika.

Hadidiski zilizokuja baadaye zina koili na sumaku badala ya mota ya hatua, na kwenye sahani zenyewe kiwandani huandikwa alama za kuongoza. Kichwa kinazisoma alama hizo muda wote na kujirekebisha. Uzito ukivuta huku, koili inavuta kule. Ndiyo maana leo watengenezaji wanaruhusu mikao yote: kulala chali, kulala kifudifudi, kukaa ubavu, kusimama kwa ncha. Sheria ya mwalimu wangu haikuwa uongo. Mashine zake ndizo zilizoondoka.

Mimi hata hivyo nina mapendeleo yangu. Kifudifudi, yaani bodi ikitazama juu, siiweki kama kuna njia nyingine. Mji wetu una vumbi na upepo wa bahari, na bodi inayotazama juu inageuka kuwa trei ya vumbi lenye chumvi. Tena skrubu ikikuponyoka wakati unafunga kitu kingine, itaangukia hapo hapo. Ya kuinamishwa nusunusu, eti ikae mshazari kwa sababu kizimba kimepinda, nayo siipendi. Vitabu vya zamani vilisema isizidi nyuzi 5 kutoka kwenye mkao ulionyooka, na ingawa za leo zinavumilia, hadidiski iliyokaa mshazari kwa kawaida ni hadidiski ambayo skrubu zake haziko sawa. Kati ya kulala chali na kukaa ubavu mimi sichagui, naangalia upepo wa feni unapita wapi.

Kwenye lebo ya hadidiski nyingi utaona tundu dogo na maandishi ya kukataza kuliziba. Lina chujio ndani, na kazi yake ni kusawazisha hewa ya ndani na ya nje, kwa sababu kichwa kinaelea kwenye hewa na hewa hupanuka joto likipanda. Kwa sababu hiyo hiyo hadidiski za kawaida zimewekewa ukomo wa kimo cha kufanyia kazi, takriban mita 3,000 juu ya bahari. Lushoto au Arusha hazina shida, lakini juu zaidi Kilimanjaro hewa haitoshi kubeba kichwa. Hadidiski zilizojazwa heliamu, ambazo zilianza kuuzwa 2013, hazina tundu la namna hiyo, zimezibwa kabisa. Ya mzee ilikuwa ya kawaida, na tundu lake lilikuwa limezibwa na kipande cha utepe wa karatasi kilichoandikwa kwa mwandiko mzuri wa mkewe: HARUSI 2014–2022. Nilikibandua taratibu bila kukichana.

Skrubu nazo zina mambo yake. Hadidiski kubwa ya mezani, ya upana wa karibu milimita 102, inakula skrubu nene yenye meno ya mbali, inayoitwa 6-32. Hadidiski ndogo ya laptopu na SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya umbo hilo, pamoja na mashine ya DVD, zinakula M3, nyembamba kidogo na yenye meno ya karibu karibu. Kwenye kopo la skrubu la fundi zote zimechanganyika na kwa haraka zinafanana. Ukiweka M3 kwenye hadidiski kubwa itaingia, itazunguka, na haitashika kamwe. Utaikaza mpaka kesho. Ukilazimisha 6-32 kwenye tundu la M3, umeharibu meno ya tundu moja kwa moja, na hiyo ni aluminiamu laini isiyosamehe. Kipimo changu ni vidole: skrubu sahihi inaingia kwa vidole mizunguko miwili mitatu bila kusukuma. Ikigoma, si yake. Kompyuta nyingi za mtumba za HP zinazoletwa huku zina desturi nzuri ya rangi, za fedha ni 6-32 na nyeusi ni M3. Kama umeikuta mashine na skrubu zake za akiba bado zimo, usizipoteze.

Halafu urefu. Tundu la ubavuni halipendi skrubu iingie zaidi ya milimita 3 na nusu hivi ndani ya mwili wa hadidiski. Ndefu kuliko hapo inaweza kugusa vya ndani au kuusukuma mwili upinde. Nimeshaiona hadidiski iliyokufa kwa skrubu ya kufungia feni, ndefu kama kucha ya kidole gumba. Aliyeifunga alishangaa kwa nini ilifanya kazi siku moja tu.

Nne zinatosha, mbili kila upande. Zitie zote nne kwa kulegea kwanza, mpaka hadidiski ijipange yenyewe ndani ya kizimba, ndipo ukaze moja baada ya nyingine kwa kukingama. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine kuingia, unaivuta hadidiski ikae kwa msuli. Na usikaze kwa nguvu za bega. Bisibisi fupi, vidole, ikigota ongeza kidogo tu, basi. Jambo moja linalowachanganya wengi siku hizi: baadhi ya hadidiski mpya zenye ujazo mkubwa hazina lile tundu la katikati ubavuni, kwa hiyo trei za zamani zenye pini ya katikati haziwezi kuzishika. Usizitoboe! Tafuta trei nyingine au tumia matundu manne ya tumboni. Kwenye kompyuta za mezani za Dell OptiPlex kuna kile kishikizo cha plastiki ya buluu ambacho hakihitaji skrubu kwa hadidiski kubwa: unakitanua, pini zinaingia kwenye matundu, kinabana. Kizuri sana kikiwa kizima. Kikivunjika sikio moja, watu wanakifunga kwa gundi na uzi, wakati cha mtumba kinapatikana Kariakoo.

Boksi la mzee lilikuwa na kizimba cha nafasi tatu, na nikaelewa kwa nini fundi aliyeifunga alikimbilia sakafuni. Kadi ya picha ilikuwa ndefu, imeziba nafasi ya juu na kuzuia waya zisiifikie ile ya katikati. Nafasi ya chini ilikuwa na hadidiski ya terabaiti 1. Lakini juu kabisa, chini ya mashine ya DVD, kulikuwa na nafasi nyingine pana isiyo na kitu. Nafasi hizo ni za upana wa milimita 146, hadidiski inapwaya ndani yake, ila kuna vibano vya chuma vya kuziba pengo hilo, vinauzwa jozi kwa bei ya chakula cha mchana. Nikampandisha yule wa terabaiti 1 huko juu kwa vibano, M3 upande wa kesi na 6-32 upande wa hadidiski. Harusi nikaziweka chini, kwenye kizimba, mbele ya feni inayoingiza hewa. Sababu ni kwamba mzee hukata video zake moja kwa moja kutoka humo, kwa hiyo ndiyo inayofanya kazi ngumu, na anayefanya kazi ngumu ndiye anayestahili upepo.

Kuhusu joto nataka kuwa mkweli, maana nami niliwahi kuwatisha watu kupita kiasi. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha walichokiona kwenye hadidiski zao zaidi ya 100,000, na joto la kadiri halikuwa muuaji waliyemtarajia. Madhara yalionekana kwenye joto la juu sana na kwenye hadidiski zilizozeeka. Lakini hadidiski zao zilikuwa kwenye kumbi zenye hewa iliyopimwa. Chumba cha studio mwezi wa Februari huku kwetu kina nyuzi 32 kabla hata hujawasha kitu, ukiongeza sponji unafika 58 bila kujua. Kwa hiyo mimi nikiona chini ya 45 nalala usingizi, nikiona 50 naanza kutafuta upepo umekwamia wapi. Na kama una hadidiski mbili na kizimba cha nafasi tatu, acha ya katikati wazi. Zikibanana zinapashana moto, tena zinatetemeshana.

Waya nilizipanga mwisho, na hapo ndipo pametesa watu wengi. Plagi ya SATA, ile inayounganisha hadidiski na kompyuta, ina umbo la herufi L ndani, na kwenye hadidiski kuna ulimi mwembamba wa plastiki uliobeba njia za shaba. Ulimi huo ukivunjika, na unavunjika kwa kuvutwa ubavu mara moja tu, hadidiski nzima imekuwa tatizo ingawa haina kosa lolote. Kwa hiyo waya ifike kwenye plagi ikiwa imelegea, isivute juu wala pembeni. Kama kifuniko cha boksi kinagusa kebo ya kichwa kilichonyooka, tafuta yenye kichwa cha kona, usiikunje kwa nguvu. Kufunga hadidiski kwa kutumia waya zake, kama nilivyoikuta ile kamba ya plastiki, ni sawa na kumfunga ng'ombe kwa sikio lake. Jihadhari pia na zile adapta za bei rahisi za kugeuza umeme wa plagi ya zamani yenye pini nne kuwa SATA, hasa ambazo waya zake zimeingia kwenye plastiki ya kumiminwa. Ndani waya zinaweza kugusana na kuwaka. Ninazo mbili kwenye kopo, zimeungua mpaka zimekuwa nyeusi, na huwaonyesha wateja wanaobisha. Na kwa kuwa tuko pwani, kila ninapofungua plagi naipitishia spiriti safi kwa brashi kabla ya kuirudisha, kwa maana chumvi hujenga utando ambao jicho halioni.

SSD haina sahani wala mkono, kwa hiyo mkao wake haujalishi, ila nayo ifungwe isining'inie, maana plagi yake ni ile ile.

Baada ya kuwasha, hakikisha BIOS, programu ya mwanzo inayoamsha kompyuta, inaziona zote kabla hujafika kwenye Windows. Na hapa naomba unisikilize vizuri: Windows ikikuambia hadidiski inahitaji kuanzishwa au kufomatiwa, na wewe unajua ina data, usikubali. Zima, angalia plagi, jaribu kebo nyingine. Ujumbe huo ni wa hadidiski mpya. Kwa mpya yenye zaidi ya terabaiti 2, ukiulizwa mpangilio wa kuigawa, chagua GPT, ukichagua MBR, ule wa zamani, utapata terabaiti 2 tu na iliyobaki itakaa bure.

Mzee alikuja kesho yake jioni. Nilimwashia mbele yake, nikamwekea mkono wake juu ya boksi ahisi. Kabla lilikuwa linavuma, sasa ulikuwa mngurumo mdogo kama paka aliyeshiba. Joto 41. Nikamfundisha kwamba akizima asinyanyue hapo hapo, ahesabu polepole hadi 30 sahani zisimame, kwa maana hadidiski iliyosimama inavumilia mtikiso mara nyingi zaidi kuliko inayozunguka. Ule utepe wa mkewe nikaubandika tena, safari hii pembeni, mbali na tundu. Aliniuliza kama ningependa kuona harusi moja. Tukaangalia ya 2016, ya watu wa mtaani kwetu, na kwenye kona ya picha alionekana mwalimu wangu akiwa amebeba spika.

Ijumaa iliyopita, miezi mitatu baadaye, nilipita studio baada ya sala. Nikamwomba nifungue programu. Joto 40. C7 bado 412, haijasogea hata moja, na namba hiyo huwa haishuki, kwa hiyo kusimama kwake ndiyo habari njema pekee inayoweza kutoa. Mzee akafungua droo akanitolea hadidiski mpya, bado iko kwenye mfuko wake wa fedha. "Hii ya harusi za mwaka huu, mwanangu. Tutaiweka wapi?"

Nikafungua ubavu nikatazama. Juu pamejaa, kadi bado imeziba pale pale. Nikalilaza boksi, nikapangusa sakafu yake kwa kitambaa na spiriti, pale ambapo gundi ya sponji ilikuwa imeacha doa jeusi ambalo sikulishughulikia mara ya kwanza. Doa lilipotoka, yakaonekana matundu manne, yamepangwa mraba mrefu, kila moja na nafasi ya washa ya mpira. Nikaweka hadidiski mpya juu yake kupima. Yalikutana sawasawa na manne ya tumboni.

Nikamwomba mzee anishikie tochi, nikaanza kutafuta washa nne kwenye kopo.